"Cataclysmic", "catastrophic", "calamitous" au "disastrous": lipi liandikwe kwa janga lipi?

Maji yakiingia kwenye nyumba za mabondeni Mtwara mjini, taarifa ya Kiingereza inayoandikwa kesho yake huyaita mafuriko hayo "catastrophic". Bei ya korosho ikiporomoka mnadani, nayo ni "catastrophic". Matokeo ya kidato cha nne yakiwa mabaya, ni "catastrophic" tena. Kisha kinakuja kimbunga cha kung'oa mapaa wilaya nzima, na mwandishi yuleyule anahangaika kutafuta neno lililo juu zaidi. Anafungua kamusi, anakutana na "cataclysmic", analiona refu na la kutisha, analibandika. Mara ya pili analibandika kwenye taarifa ya kalavati lililoziba.

Nawaandikia hasa watu ninaofanya nao kazi ya kuhariri na kufasiri hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi: watendaji wa kata wanaoombwa muhtasari wa Kiingereza na wafadhili, watangazaji wa redio za jamii, walimu wa sekondari, waongoza watalii wa Kilwa na Mikindani. Wote wanavitumia vivumishi hivi, na kamusi huvifasiri karibu vyote kwa namna moja, "-a maafa". Katika Kiingereza havina uzito mmoja, wala havikutoka mahali pamoja. Kila kimoja kimebeba picha yake ya kale, na anayeijua picha hiyo hapati shida kuchagua.

Cataclysmic: maji yanayofuta

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloharibiwa zaidi, na pia kwa sababu Mswahili ana njia fupi ya kulielewa.

Mzizi wake ni wa Kigiriki, "kataklysmos", yaani mafuriko. "Kata" ya Kigiriki ni kuelekea chini, na "klyzein" ni kuosha au kusuuza. Pamoja yanaeleza maji yanayoshuka na kusomba mpaka pasibaki kitu. Mzizi huo wa kuosha umeingia hata kwenye tiba: jina la zamani la Kiingereza la dawa inayoingizwa kwa bomba kusafisha tumbo, "clyster", limetoka kwenye "klyzein" hiyohiyo. Wayahudi wa Aleksandria walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo, gharika ya Nuhu waliiita "kataklysmos", na Injili zilizoandikwa kwa Kigiriki zikaendelea na neno hilo. Likapita Kilatini na Kifaransa, na katika karne ya 17 Waingereza wakawa na nomino "cataclysm". Kivumishi kilichelewa sana. "Cataclysmic" ni neno la karne ya 19, zama ambazo wanajiolojia wa Ulaya walikuwa wakibishana kama sura ya dunia imefanywa na misukosuko mikubwa ya ghafla au na mabadiliko ya polepole yasiyokoma.

Sasa tazama tulichonacho sisi. Biblia ya Kiswahili inasema "gharika", neno lililotoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kuzama. Qurani, katika Sura ya Al-Ankabut, inaitaja adhabu ya watu wa Nuhu kwa neno "tufani". Maneno yote mawili yanaishi pwani hii. Mzee wa Mikindani akisikia "gharika" hafikirii maji yanayofika magotini. Anafikiria safina, milima iliyozama, na watu wachache waliobaki kuanza upya. Picha hiyohiyo ndiyo iliyo ndani ya "cataclysmic". Kwa hiyo kipimo kiko mikononi mwetu tayari: kama usingethubutu kuliita tukio gharika mbele ya watu wazima wanaomjua Nuhu, usiliite "cataclysmic" mbele ya wafadhili.

(Tufani, kwa njia, ni ndugu wa "typhoon" ya Kiingereza. Neno la Kiarabu lilibebwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi, likapokewa na Wareno, likachanganyika na Typhon, jitu la dhoruba katika hadithi za Wagiriki, na maneno ya Kichina ya upepo mkali. Mvuvi wa Msimbati na rubani wa Manila wana neno moja, na si bahati tu, bahari imelipitisha.)

Mfano wa karibu ni Kimbunga Hidaya. Kilifika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024. Mvua iliyofuatana nacho iliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama pande zote mbili. Watu walilala barabarani, mizigo ikaoza, nyumba zikaanguka. Aliyeyaona hayo kwa macho yake ana haki ya kutafuta neno zito. Lakini mawe yalimwagwa, magari yakapita, vijiji vikabaki mahali pake na watu wake. Kwa Hidaya, "destructive" linatosha, na kwa familia iliyopoteza nyumba au shamba, "devastating". "Cataclysmic" hapana.

Idai, kilichopiga Beira Machi 2019, ni habari nyingine. Mito ya Buzi na Pungwe ilifurika na kuungana, bonde zima likaonekana kwenye picha za satelaiti kama bahari iliyoingia bara, na zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha nchini Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kwa bonde la Buzi mhariri angeweza kuliacha "cataclysmic" lipite, na mimi ningeliacha. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Aprili 2019, kikaja Kenneth. Mtwara ilikuwa imejiandaa: shule zilifungwa, wakazi wakaelekezwa kwenye maeneo salama. Kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa pili wa Ruvuma, Cabo Delgado. Kwa Mtwara kilikuwa tishio. Kwa kisiwa cha Ibo na kwa Macomia kilikuwa "catastrophic", na neno hilo lilistahili. Mwandishi wa Mtwara aliyeandika kwamba mji wake ulipata pigo la "cataclysmic" alichukua kilio cha Ibo akakiweka mahali ambapo watu walirudi kazini.

Maana ya pili ya "cataclysmic" haina maji kabisa. Kiingereza hukitumia kivumishi hiki kwa vita au mapinduzi yanayousomba utaratibu mzima wa jamii. Hapo kusini yetu ina mfano ambao nitautetea popote, Vita vya Maji Maji. Vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Matumbi ambavyo leo viko Kilwa, wenyeji walipong'oa pamba iliyolimwa kwa kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti mwaka huohuo, lakini vita vikaendelea kusambaa hadi Liwale, Masasi na Songea. Jeshi la Wajerumani likageukia chakula: mashamba yakachomwa, maghala yakachomwa, visima vikaharibiwa. Takwimu za serikali ya kikoloni ziliwataja waliokufa kuwa 75,000; wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Vijiji vilihama, koo zikatawanyika, mapori na wanyama wakayachukua mashamba. Hapo ndipo "cataclysmic" linasimama bila kusaidiwa na neno jingine. Waongoza watalii wengi husema "the Maji Maji rebellion" kisha wanaendelea na safari. Nawasihi waongeze sentensi moja yenye kivumishi hiki, kwa sababu mgeni akisikia uasi tu hawezi kukisia ukubwa wa kilichotokea.

Na ya tatu ni ya kisayansi. Wataalamu wa volkano huita mlipuko mkuu wa mlima, ule unaoubadilisha mlima wenyewe, "cataclysmic". Ule wa Pinatubo wa tarehe 15 Juni 1991 kule Ufilipino ndio mfano unaotajwa mara nyingi. Kwa Lindi jambo hili linatugusa kupitia Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya dinosaria, ikabebwa na mamia ya wapagazi mpaka bandari ya Lindi, na mifupa ya yule mrefu kuliko wote, Giraffatitan, imesimamishwa Berlin hadi leo. Wanafunzi wengi huandika kwenye insha kwamba dinosaria wa Tendaguru waliuawa na tukio la "cataclysmic", kile kimondo kikubwa kilichoanguka Mexico miaka milioni 66 iliyopita. Kivumishi ni sahihi kwa kimondo, lakini wanyama wa Tendaguru waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kimondo kilipoanguka, mifupa yao ilikuwa imelala ardhini zaidi ya miaka milioni 80. Mwalimu asahihishe tarehe, si kivumishi.

Catastrophic: hadithi inapinduka

"Katastrophe" ya Kigiriki ina ile "kata" tena, safari hii pamoja na "strephein", kugeuza. Ni kupindua, kugeuza juu chini. Waliolikuza neno hili ni watu wa maigizo: "catastrophe" ilikuwa sehemu ya mwisho ya mchezo wa jukwaani, pale mambo yanapogeuka na hatima ya kila mhusika kujulikana. Liliingia Kiingereza katika karne ya 16 likiwa na maana hiyo ya jukwaani, na haikulazimu mwisho uwe mbaya. Maana ya msiba mkubwa wa ghafla ilikaa imara katika karne ya 18.

Kiini chake basi ni mgeuko. Kabla ya siku ile mambo yalikuwa hivi, baada yake yakawa vile. Mfano mzuri kuliko wote katika mikoa hii miwili ni Kilwa Kisiwani. Huu ni mji uliokuwa ukitawala biashara ya dhahabu ya Sofala, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri wake. Julai 1505 zikatokea manowari za Mreno Francisco de Almeida, mji ukatekwa na kuporwa, Wareno wakajenga ngome. Waliondoka mwaka 1512, lakini biashara haikurudi kuwa ile. Hapa "catastrophic" ndiyo sahihi. "Cataclysmic" ingepotosha, kwa kuwa Kilwa haikufutwa. Watu waliendelea kuishi, usultani uliendelea kwa sura nyingine, na karne ya 18 mji ulipata tena nguvu kwa biashara ya utumwa, balaa ambalo nitalirudia.

Mafundi na wahandisi wanakitumia kivumishi hiki kwa namna inayowachanganya waandishi. "Catastrophic failure" ya daraja, boya au mtungi wa gesi haina maana kwamba watu wengi wamekufa. Maana yake ni kwamba kifaa kimeshindwa ghafla na kabisa, bila dalili za kutosha na bila njia ya kukirudisha kazini. Ripoti ya mhandisi ikisema daraja limepata "catastrophic failure", usikimbilie kuandika "maafa makubwa ya daraja" kabla ya kuuliza kama kuna mtu alikuwa juu yake. Andika kwamba daraja limekatika kabisa. Nimeona tafsiri za namna hii zikizua taharuki kwenye simu za watu kwa saa nzima kabla ya kukanushwa.

Kwa vimbunga vikubwa, mlipuko wa kiwanda, au mafuriko yaliyoua watu na kuhamisha mtaa, "catastrophic" ndilo neno la kufanya nalo kazi. Kimbunga kilichoupiga mji wa Lindi Aprili 1952, kikaua watu na kubomoa sehemu kubwa ya nyumba, kilikuwa "catastrophic". Wazee wa Lindi hugawa habari za mji kabla na baada yake, na mgawanyo huo ndio "katastrophe" yenyewe.

Disastrous: nyota mbaya

Hili lilitoka Italia. "Disastro" ni "dis", yenye maana ya ubaya au ukosefu, pamoja na "astro", nyota. Waitaliano wa zamani waliona kwamba mkosi humpata mtu aliyezaliwa au kusafiri chini ya nyota isiyomtakia heri. Wafaransa wakalichukua, na Waingereza wakalipokea mwishoni mwa karne ya 16.

Sidhani kama kuna msomaji wa pwani anayehitaji maelezo zaidi hapa. Kwetu watu husema nyota ya fulani imefifia, ama ana nuksi, na wenye elimu ya falaki wana siku za nuhusi ambazo hawashauri kuanzisha safari wala kufunga ndoa. Kwa asili yake, "disastrous" ni "-enye nuhusi". (Na "asteroid", jina la Kiingereza la magimba ya angani kama lile la miaka milioni 66 iliyopita, lina nyota hiyohiyo ndani yake.)

Matumizi ya leo yana mtego mmoja unaostahili kusomwa mara mbili. Nomino na kivumishi vimeachana uzito. Nomino "disaster" ni neno rasmi la Umoja wa Mataifa na la sheria: ni tukio linalovuruga maisha ya jamii kuliko uwezo wa jamii hiyo kukabiliana nalo kwa nguvu zake. Serikali yetu inaliita maafa, na ndiyo maana chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kuna Idara ya Menejimenti ya Maafa. Kivumishi "disastrous" kimekuwa chepesi. Waingereza wanakisema kwa chakula kilichoungua, kwa mechi iliyopotea mabao manne, kwa usaili wa kazi. Mtendaji akiandika kwamba kata yake ilipata "a disaster", ametoa dai lenye maana kiofisi na ataulizwa idadi ya kaya. Akiandika "a disastrous week", msomaji wa London anaweza kudhani ni wiki yenye mikutano iliyoharibika. Kwa taarifa ya maafa, tumia nomino na uache kivumishi.

Kivumishi kinang'aa pale penye mpango uliokwenda kombo. Nachingwea inatupa mfano ambao haujapata mpinzani. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilihitaji mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3, sehemu yake kubwa ikiwa kusini. Matrekta yaliletwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea. Ardhi na mvua havikukaguliwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa pamoja na pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza, na mapema miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. "Disastrous" ni kivumishi chake halisi: hasara kubwa, uamuzi mbaya, lakini hapakuwa na mji uliopinduliwa wala nchi iliyofutwa. Mtwara yenyewe ilibakiwa na bandari, na hadi leo inapakia korosho.

Calamitous: hasara ya shamba

"Calamitous" linasikika kizee kidogo kwa Waingereza wenyewe, na pengine ndiyo sababu waandishi wetu hawalitumii. Ni hasara kwetu, maana ndilo linalofaa zaidi kwa mkulima. Limetoka Kilatini, "calamitas", hasara au madhara. Waroma waliamini kwamba neno hilo limezaliwa na "calamus", bua, kwa kuwa walilisema mvua ya mawe au ugonjwa ulipoharibu nafaka zikiwa bado zimesimama shambani. Wanaisimu wa leo hawaukubali uhusiano huo na bua. Hata hivyo Waroma walilitumia neno lenyewe kwa mazao yaliyoharibika, na "calamity" bado lina ladha ya mateso yanayoenea na kudumu, yanayoingia jikoni kwa mtu.

Linganisha na korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka huku kusini. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Hakuna siku moja ambayo mtu wa Newala au Tandahimba anaweza kuionyesha na kusema ilitokea leo. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ikawa haimlipi mpalilizi, na ubwiri unga ukaingia kwenye maua ukayakausha kabla hayajafunga. Mpaka watu walipojifunza kupulizia salfa na bei ikaanza kueleweka, watoto kadhaa walikuwa wameshaacha shule. Hii si "catastrophic", kwa kuwa hapana mgeuko wa ghafla. Si "cataclysmic". Ni "calamitous", tena bila shaka. Mwandishi anayetaka mfadhili aelewe hasara inayomla mkulima polepole, mwaka hadi mwaka, atumie hili, hata kama mhariri wa Nairobi atamwambia limepitwa na wakati.

Apocalyptic nalizungumzia kwa ufupi, kwa kuwa sioni nafasi yake katika taarifa zetu. "Apokalypsis" ni kufunua, na kitabu cha mwisho cha Biblia kwa Kiswahili kinaitwa Ufunuo kwa sababu hiyohiyo. Linafaa kwa mandhari inayofanana na siku ya kiyama: moshi, magofu, ukimya wa mji ulioachwa. Wapiga picha wanalihitaji kuliko watendaji.

Kabla ya tukio, usichague lolote kati ya haya

Jambo hili lina maisha ya watu ndani yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo na tahadhari kwa rangi, kuanzia njano, kupita rangi ya chungwa, hadi nyekundu. Anayezifasiri kwa ajili ya wageni wa hotelini, mabaharia au mashirika afasiri rangi, saa, kasi ya upepo na eneo. Asiongeze "catastrophic" wala "cataclysmic" kutoka kichwani. Vivumishi hivi vyote vinaeleza kilichokwisha kutokea. Vikitumika kwa kinachotarajiwa na kisitokee, kama Kenneth ilivyotupita, watu hawatakimbia mara nyingine.

Na ukirudisha Kiswahilini?

Hapa wafasiri wengi wanajitesa kutafuta kivumishi cha Kiswahili cha kulingana na "cataclysmic". Hakihitajiki. Kiswahili kinabeba uzito huo kwenye kitenzi: mvua iligharikisha bonde, vita viliangamiza koo nzima, moto uliteketeza soko. "Mafuriko ya kigharika" halisomeki. "Mto ulilisomba kijiji" linasomeka na kuumiza.

Nomino ndizo zinazohitaji uangalifu. Maafa ni neno la ofisi na la magazeti, linabeba idadi na msaada. Janga ni la kitu kinachowapata wengi na kuendelea, ndiyo maana UKIMWI na UVIKO-19 viliitwa majanga. Baa huenda na njaa au nzige. Balaa lina mkono wa majaliwa ndani yake, na vijana wameligeuza kuwa sifa ya mchezaji hodari, kwa hiyo sikushauri uliandike kwenye taarifa ya vifo. Msiba ni wa nyumba yenye marehemu. Familia moja iliyopoteza watoto wawili kwenye mto Lukuledi haina maafa kwa kipimo cha sheria. Ina msiba, na mwandishi mwenye adabu ataliandika hilo hivyo, kwa Kiingereza "a tragedy" na si zaidi.

Limebaki lile balaa la Kilwa. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa moja ya bandari kubwa za watumwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa na kuishia pale, kisha majahazi yakaelekea Zanzibar. Anayeandika habari hizo kwa Kiingereza atajiuliza kivumishi kipi kinatosha kwa jambo lililodumu vizazi kadhaa. "Disastrous" ni jepesi mno. "Catastrophic" linadokeza siku moja ya mgeuko. "Cataclysmic" linakaribia, ila gharika haina mnunuzi wala muuzaji, na hapa walikuwepo wote wawili. Tatizo hili liliwakuta pia wasomi wenye asili ya Afrika huko Marekani walipoandika kuhusu biashara ya utumwa ya Atlantiki, na mmoja wao, Marimba Ani, akachukua neno la Kiswahili, Maafa, kuwa jina la tukio lile zima. Leo vitabu vya Kiingereza vinaliandika kwa herufi kubwa na bila kulifasiri. Kwa bango la Kivinje lenye safu mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ningeliandika hivyo pande zote mbili.